Nyembe za Stafeli

Alivaa barakoa, akakaza mikanda nyuma ya kichwa, akaziba mdomo wa mpira wa hewa kwa kiganja, kisha akavuta pumzi. Barakoa ikiwa imekaa sawasawa, ukivuta pumzi namna hiyo inakunata usoni kama ngozi ya pili. Yake haikunata. Sote tuliokuwa mle chumbani tuliisikia hewa ikipenya penye taya, siii, kama tairi lililochomwa na msumari.

"Vua," alisema mkuu wa kituo.

Mkuu wetu alikuwa mama mmoja mfupi mwenye sauti ya upole, na katika kikosi kizima cha zimamoto hakuna aliyewahi kuudhania upole ule kuwa ni ruhusa.

"Umenyoa lini?"

"Juzi, afande."

"Kwa nini si leo?"

Akajishika kidevu. "Nikinyoa leo, afande, kesho sivai chochote."

Hakuwa anatia chumvi. Mimi nilikuwa dereva wa gari la kwanza na tulikaa nyumba za wafanyakazi, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo uso wake niliujua kuliko wangu. Kuanzia chini ya mdomo mpaka shingoni kulikuwa na vipele vilivyoumuka, vingine vimetunga usaha. Kila akinyoa, ndevu zilizokatwa zilijikunja zikachimba ngozi upya. Asiponyoa, barakoa inavuja. Akinyoa, anaungua kabla hajauona moto.

"Hicho si kidevu," mtu mmoja nyuma alisema, "ni stafeli."

Tulicheka mpaka barakoa zikatuponyoka mikononi, na mwenye kidevu akacheka pia. Tangu siku ile hakuitwa jina jingine, na hata mkewe akimtafuta kituoni alikuwa anamuulizia kwa hilo hilo.

Mkuu hakucheka. "Moshi hauulizi ngozi ya mtu ikoje," alisema. "Tafuta namna ya kunyoa kila siku, barakoa ikunate. Ukishindwa, nakuhamishia chumba cha simu."

Chumba cha simu kilikuwa na feni, kiti cha kuzunguka na birika la chai, na wapo ambao wangeenda huko mbio. Stafeli alikuwa wa aina nyingine. Kengele ikilia, wakati wengine tunatafuta buti, yeye alikuwa keshakaa ndani ya gari ananipigia kelele niwashe. Kumweka mtu kama huyo kwenye simu, apokee habari za moto kisha abaki anazungusha kiti, ilikuwa ni kumfunga mbwa mbele ya paka.

Basi akaanza kutafuta. Mpaka wakati ule alikuwa akitumia nyembe za plastiki za kutupa, zenye makali mawili, na alizikandamiza kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Akahamia zenye makali matatu. Akapanda mpaka matano, akiamini makali yakiongezeka ndevu zitaogopa. Kidevu kilizidi kuumuka. Akaazima mashine ya umeme kwa shemeji yake, ikamng'ata. Akanunua wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, akajikata ncha ya sikio. Alikuja kazini na plasta, na tukamuuliza kama ule moto ameudhibiti.

Aliyemtoa hakuwa daktari wala kinyozi. Alikuwa mama mmoja wa sokoni aliyeuza vitu vya zamani vya nyumbani: makufuli, mabomba, pasi za mkaa, vijiko visivyo na wenzake, vyote vimerundikwa juu ya turubai. Wateja walimwita Mama Vikorokoro. Stafeli alikuwa ameinama akitafuta bawaba, mama yule akamtazama uso bila haya.

"Wewe unanyolea nini?"

"Chochote, mama. Vyote vinanichuna."

Mama akachimba chini ya rundo akatoa wembe wa chuma, mpini wake mfupi na mnene. Ukizungusha kitako, kichwa kinafunguka kwa juu kama milango miwili, unaweka kiwembe kimoja, unazungusha tena, milango inajifunga.

"Marehemu mume wangu alikuwa na kidevu kama hicho," alisema. "Usinikodolee macho, vipele navijua. Makali mengi yanaukata unywele chini ya ngozi, halafu unakosa njia ya kutokea. Tumia kali moja. Na usiukandamize. Uache uzito wake wenyewe ufanye kazi."

Stafeli aliuchemsha wembe ule, akaulaza kwenye spiriti, akausugua kwa mswaki mpaka ukang'aa. Kwanza alikaa siku kadhaa bila kunyoa, kwa ruhusa ya mkuu, ili ngozi ipumue. Halafu akaanza. Maji ya moto, sabuni, povu zito, na wembe unaoteremka kufuata ndevu zinavyolala, polepole, mkono mwepesi. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba, na kila asubuhi nilisikia kriii ndogo, kama mtu anayechana karatasi kwa adabu.

Vipele havikuondoka kwa mara moja. Vilinywea kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, hadi asubuhi moja nikasikia anapiga kelele bafuni.

"Mama watoto! Njoo uone!"

Nikasikia ndala zinakimbia.

"Mbona sioni kitu?" mkewe akauliza.

"Ndiyo hivyo! Hakuna kitu!"

Siku ile barakoa ilimnata hata mkuu mwenyewe alilazimika kumlegezea mikanda kwa mikono miwili. Kuhusu chumba cha simu, hakuna aliyekitaja tena.

Mtu mwingine angeishia hapo. Dawa imepatikana, ugonjwa umekwisha, unashukuru unaendelea na maisha. Stafeli yeye ndiyo kwanza alianza. Jumamosi iliyofuata alirudi sokoni akaja na wembe mwingine, mpini mrefu, mwembamba. Kisha wa tatu, wenye kichwa kilichochongwa meno kama kitana. Mwingine ulikuwa mwepesi sana, mwingine mzito kama spana. Alipata wa shaba, wa chuma cha pua, na mmoja wenye mpini wa mfupa uliopasuka, akauziba kwa gundi. Kituo kilipotupa kabati la ukutani la kuhifadhia mpira wa maji, lile jekundu lenye kioo mlangoni, alilibeba begani mpaka nyumbani, akatia rafu, akalitundika juu ya sinki.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, mtu wa kupima kabla ya kukata. Alilitazama lile kabati kwa muda, sindano mdomoni.

"Baba watoto, si ulishapata uliokuwa unautafuta?"

"Nilipata."

"Sasa hizi nyingine unatafutia nini?"

"Ule umeniponya," Stafeli alisema. "Nataka tu kujua hizi nyingine zinasemaje."

"Nyembe zinasema?"

"Kaa usikilize." Akanyoa upande mmoja kwa wembe mwepesi, upande wa pili kwa ule mzito, mkewe amesimama mlangoni. "Umesikia? Huu unanong'ona. Huu unakwaruza, lakini ukimaliza, shavu linakuwa kama la mtoto."

Mkewe alimpapasa mashavu yote mawili, la kulia, la kushoto, tena la kulia. Akarudi kwenye cherehani yake, na toka hapo, akienda mjini kununua vifungo na kuuona wembe wa zamani mahali, alikuwa anauchukua.

Miaka ikaenda. Stafeli akawa sajini. Mama mkwe wake akafariki, na mkewe, ambaye alikuwa kitinda mimba, akasema baba yake hawezi kubaki peke yake kwenye nyumba kubwa. Mzee akaja na sanduku moja.

Baba mkwe yule alikuwa dereva wa treni mstaafu. Mrefu, mkavu, mwenye suruali zenye pasi kali kiasi cha kukata mkate. Siku ya kwanza aliingia bafuni, akatoka upesi kuliko alivyoingia.

"Mwanangu," akamwita Stafeli, "nyumba hii ina wanaume wangapi?"

"Wawili, Baba, ukijihesabu."

"Nilidhani kuna kambi. Ule wa kwangu niuweke wapi?"

Wembe wake alikuwa ameushika mkononi. Ulikuwa wa shaba, wa vipande vitatu vinavyokazana kwa skrubu, na pale vidole vinaposhika, rangi ya fedha iliyopakwa juu ilikuwa imekwisha kabisa, ikabaki njano tupu. Huo tu. Hakuwahi kuwa na mwingine. Alinyoa nao siku ya harusi yake, akanyoa nao siku anastaafu, akanyoa nao asubuhi ya kumzika mkewe.

Stafeli alisogeza nyembe zake, akampa rafu nzima ya chini. Mzee akauweka wembe wake katikati ya rafu ile tupu, ukakaa kama abiria wa mwisho.

Jioni tulizoea kukaa kibarazani, na mimi nilikuwa navuta kiti changu hapo kwa sababu mabishano ya wale wawili yalikuwa matamu kuliko redio.

"Mimi nikiamka nataka kunyoa," mzee alisema jioni moja. "Sitaki kuchagua. Mtu anayesimama mbele ya kioo anajiuliza leo huu au ule, huyo bado amelala."

"Mimi nisipochagua ndiyo naenda kazini nimelala, Baba."

"Kazi ya kuzima moto, unachagua nini?"

"Sichagui kitu! Ndiyo nakwambia. Kengele ikilia, kengele ndiyo imechagua. Nyumba gani, saa ngapi, nani ameunguliwa, vyote vimeshaamuliwa. Asubuhi bafuni ndipo mahali pekee ninapoambiwa: haya bwana, wewe unataka nini?"

Mzee aliiheshimu hoja, ila hakuwa na nia ya kushindwa.

"Na mimi reli imelazwa tangu hapa mpaka kule," alisema. "Huwezi kupinda. Watu wanadhani inachosha. Haichoshi. Ukipita njia moja maisha yako yote, unaanza kuona vitu ambavyo abiria hawavioni. Wembe wangu naujua hivyo."

"Mimi nyembe zangu zote nazijua."

"Unazifahamu," mzee alisema. "Kujua ni kitu kingine."



Kilichomshinda Stafeli zaidi kilikuwa namna mzee alivyonyoa. Alifumba macho. Kioo kile pale mbele yake, na yeye anafumba macho. Mkono wa kushoto ulitangulia kupapasa, wa kulia ukafuata na wembe, taya, kidevu, koo, bila kusita na bila tone la damu. Alisema alijifunza ndani ya treni, akinyoa kwenye vituo vidogo wakati wanasubiri njia iwe wazi, mahali pasipo na kioo. Stafeli alikuwa anamchungulia kwenye upenyo wa mlango. Mkewe alimkuta akamwambia aache kumchungulia baba yake, ni aibu.

Mwaka ule kituo kilipokea makuruta. Walikuwa watu wazima wenye nguvu, waliochujwa kwa mbio na kwa ngazi, na walipofika kwenye barakoa tukasikia tena ile siii ya tairi. Wanne walivuja. Wanne wote vipele. Mkuu alimwita Stafeli ofisini, na mimi nilikuwa hapo nimeleta funguo za gari.

"Hawa ni wazuri," mkuu alisema. "Sitaki kuwarudisha makwao kwa sababu ya kidevu. Wewe ulitokaje?"

"Nipe bafu la kituo, afande, na muda."

"Muda nakupa mpaka mwisho wa mafunzo. Bafu lichukue."

Kesho yake tulilibeba lile kabati jekundu kwenye gari la zimamoto, mimi nikiendesha polepole kuliko siku zote. Stafeli aliweka sheria kabla hajafungua mlango wa kioo. Kila wembe unachemshwa kabla na baada. Kila mtu anapewa kiwembe chake kipya, na atakayegusa kiwembe cha mwenzake anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Halafu akawasimamisha mmoja mmoja kwenye mwanga wa dirisha, akawashika taya kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Wewe ngozi laini, ndevu chache. Chukua huu mwepesi. Wewe una ndevu kama waya, ukipewa mwepesi utakwama katikati, shika huu mzito. Wewe shavu limezama, unahitaji kichwa chembamba kiingie."

Hapo ndipo nilipoielewa ile shehena ya chuma. Miaka yote tulidhani ni mchezo wa mtu mzima. Lakini kila wembe uliokuwa kabatini alikuwa ameusikia kwenye uso wake mwenyewe, na sasa aliweza kumtazama mtu asiyemfahamu akajua aanze na upi. Watatu kati ya wale wanne walianza kupona. Mmoja wao alikuwa anajishika shavu darasani kila saa, mpaka mwalimu wa ngazi akamuuliza kama jino linamuuma.

Wa nne ndiye aliyebaki. Alikuwa mrefu kuliko sote, tukamwita Mnara, na shingo yake ilikuwa bado nyekundu, imevimba. Stafeli alimpa wembe mmoja, akaubadilisha. Akampa mwingine, akaubadilisha. Wenye meno, usio na meno, mwepesi, mzito. Mnara alivumilia kila kitu bila kulalamika, na hilo lilimtesa Stafeli zaidi.

"Nimemaliza kabati," alituambia jioni ile kibarazani, amejitupa kitini kama gunia. "Uso wa yule haupo kabatini mwangu."

Baba mkwe wake alikuwa anamenya chungwa. Aliendelea kumenya.

"Umempa nyembe zote," alisema. "Mkono umempa?"

"Nimemwonyesha jinsi ya kunyoa, Baba."

"Sijauliza umemwonyesha nini. Kila akianza kuzoea wembe, wewe unampokonya. Mkono wake utajifunza saa ngapi? Kesho mnipeleke."

Alikuja amevaa koti lake la reli na kofia. Makuruta walisimama wima, wakidhani ni mkaguzi. Mzee alimkalisha Mnara kwenye ndoo iliyopinduliwa, maana akisimama hamfikii.

"Fumba macho," alimwambia. "Usinyoe. Papasa. Anzia sikioni, teremka. Niambie ndevu zinalala wapi."

Mnara alipapasa. "Chini, mzee."

"Teremka. Ukifika shingoni?"

Vidole vya Mnara vilisimama. Vikarudi, vikaenda tena. "Zinageuka," alisema, akafungua macho kwa mshangao. "Hapa zinaelekea sikioni. Na hapa... hapa zinazunguka, kama maji yanaingia kwenye tundu la sinki."

"Fumba macho. Sasa wewe kila siku umekuwa unazivuta kwenda chini, kwa sababu mwalimu wako shingo yake ndivyo ilivyo. Wembe wowote ukipita hapo kwa kwenda chini, utakuchuna. Hata wangu."

Stafeli alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Alikuwa amempima Mnara ngozi, amempima ndevu, na uelekeo wa shingo alikuwa ameudhania tu.

"Baba," alisema, "endelea. Nakusikia."

"Mimi nimefika mwisho," mzee alijibu. "Huyu sasa anahitaji wembe mmoja, anyoe nao kila siku, asibadilishe mpaka mkono uzoee. Lakini upi, mimi sijui. Naujua wa kwangu tu, na wa kwangu kwa huyu ni mkali mno. Chagua wewe."

Stafeli alifungua mlango wa kioo. Hakufanya haraka. Aliushika huu, akauweka. Akaushika ule. Mwisho akatoa mmoja ambao hakuna aliyewahi kuuomba, wembe mpole, kichwa chake kimefunika kiwembe karibu chote, ukabaki ukingo mwembamba tu.

"Huu," alisema. "Unanyoa kama mtu anayeomba msamaha. Hautamaliza ndevu zote kwa mara moja, ila shingoni kwake hautachimba. Apite mara mbili, kwa mzunguko."

Mzee akaupokea, akaupima uzito, akautia mkononi mwa Mnara na kukunja vidole vya kuruta yule juu yake, kimoja kimoja.

"Usiuache mpaka nikwambie."

Wakafundisha pamoja. Mzee alikuja kila siku ya mafunzo, kofia kichwani, akipokea saluti kama haki yake. Stafeli alisema juu ya chuma, mzee akasema juu ya mkono, na wakipingana waliwatuma makuruta nje kwanza, watoto wasiwasikie wazazi. Shingo ya Mnara ilianza kubadilika rangi. Ikawa ya kawaida. Mafunzo yalipokwisha, mkuu mwenyewe aliziba mpira wa hewa kwa kiganja chake, Mnara akavuta pumzi, na chumba kikawa kimya kabisa. Hakuna siii. Mkuu alisubiri kidogo zaidi, kwa kujiridhisha tu, halafu akasema, "Atapanda gari la kwanza."

Nilimpakia katika gari langu siku ya moto wa ghala la magodoro. Ilikuwa adhuhuri, jua kali, na moshi ule ulikuwa mweusi na mzito kiasi kwamba mlango wa ghala ulionekana kama umepakwa lami. Moshi wa magodoro ni sumu. Pumzi chache bila barakoa, mtu anakaa chini mwenyewe kama aliyechoka, na hainuki.

Mlinzi alikuwa ndani. Mwenzake alikuwa nje analia, anaonyesha upande wa stoo ya nyuma.

Stafeli na Mnara waliingia wakiwa wameshika mpira mmoja. Mimi kazi yangu ni pampu, siondoki kwenye pampu, na ninachokijua juu ya yaliyotokea mle ndani ni kile walichonisimulia. Walitambaa kwa kufuata ukuta. Safu ya magodoro iliyokuwa inaungua ikaanguka nyuma yao, ikawaziba njia waliyoingilia. Wakamkuta mlinzi chini ya meza, bado anapumua. Mnara akambeba, Stafeli akatangulia akipapasa ukuta wa pili kutafuta mlango wa pembeni, na walikaa humo muda mrefu kuliko tunavyopenda mtu akae. Nje tulikuwa tunamwaga maji.

Mlango wa pembeni uliruka kwa teke. Akatoka Stafeli, nyuma yake Mnara, amejipinda kwa sababu ya urefu, mlinzi begani.

Walipovua barakoa kwenye ukingo wa barabara, nyuso zao zilikuwa mbili kwa moja: nje masizi, ndani safi. Mstari ulikuwa umechorwa kuzunguka uso mzima wa Mnara, kuanzia kwenye paji la uso, ukapita mashavuni, ukakutana chini ya kidevu bila kukatika popote. Mkuu wetu aliufuata mstari ule kwa macho mpaka ukamaliza mzunguko.

"Ilivuja?" akauliza.

"Hata chembe, afande," Mnara alisema, kisha akakaa chini akaanza kucheka, na Stafeli akakaa karibu naye, na mlinzi kule kwenye gari la wagonjwa akakohoa kwa nguvu. Kwetu sisi kikohozi kile kilikuwa habari njema kuliko zote.

Baada ya hapo mkuu alimfanya Stafeli msimamizi wa barakoa na mkufunzi wa makuruta wote. Bafu la kituo likaongezewa masinki na kioo kirefu. Kabati jekundu halikurudi nyumbani tena. Na kwa kuwa kila kuruta aliyepata wembe wake aliondoka nao, rafu zilikuwa hazijai. Stafeli hakusikitika hata siku moja. Nafasi ikionekana alikuwa anasugua mikono, Jumamosi anaingia mitaani kuchimba tena kwenye marundo ya watu, na baba mkwe wake siku hizi anafuatana naye. Mzee ndiye anayepatana bei. Anawaambia wauzaji bila kupepesa kwamba yeye vitu hivi havimhusu hata kidogo.

Juzi Mnara alikuja kuwatembelea, amevaa nguo za nyumbani, akamletea mzee zawadi iliyofungwa kwenye karatasi. Ilikuwa wembe mpya kabisa, mzito, unang'aa, kazi nzuri ya fundi anayejua anachofanya. Mzee alishukuru sana, akambariki, akamwombea mke mwema.

Asubuhi yake alinyoa nao, kwa heshima ya mgeni. Nilikuwa nimeingia kuomba chumvi nikamkuta Stafeli na mkewe mezani. Mzee alitoka bafuni akijipapasa shavu, akaketi, akavuta kikombe chake cha chai.

"Unanyoa vizuri sana," alisema. "Tena sana. Mpeni mtu."

Na Stafeli alikuwa keshanyosha mkono kabla baba mkwe wake hajamaliza kusema.